Mgonjwa wa Kambu Aliyezikwa kwa Nyimbo

Nilipoanza ukasisi wa hospitali kule Mbooni, mwishoni mwa miaka ya sitini, Matroni alinipokea mlangoni mwa wodi akaniuliza kama najua kumgeuza mgonjwa bila kumwumiza. Sikujua. Akanifundisha hilo kwanza, Biblia ikiwa bado kwapani. Kasisi wa hospitali hana waumini wake kama mchungaji wa kanisa. Watu wake ni yeyote aliyelazwa. Kanuni zilikuwa chache: usimwombee mtu bila ruhusa yake, na usimvute mtu mnyonge kwenye dini yako. Mbooni hazikunisumbua, kwa sababu wakulima wa kule walitaka maombi hata kabla sijavuta kiti.

Baadaye nilihamishiwa hospitali ya misheni karibu na barabara ya Mombasa. Mkubwa wangu hapo alikuwa Katibu wa Makasisi, mwinjilisti wa zamani, mtu wa sauti kubwa na machozi ya karibu.

Siku moja lori la ng'ombe lilipinduka Kambu. Tukaletewa Abdi, mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, kifua kimepondeka. Daktari alituambia hatapona. Nilikaa naye.

"Pasta, wewe mtu mzuri," aliniambia, akivuta pumzi kwa shida. "Lakini maombi yako usinisomee."

"Sitasoma, ndugu. Unataka nikufanyie nini?"

"Nigeuze niangalie kaskazini, kwenye kibla. Halafu tafuta Mwislamu anitamkie shahada."

Shahada ni maneno ya imani ambayo Mwislamu hutamani yawe ya mwisho kinywani mwake. Mimi na nesi tukageuza kitanda. Kisha nikadandia gari hadi Kambu, nikamwomba mwenye duka mmoja Mwislamu anifuate. Alifunga duka papo hapo.

Tuliporudi, Katibu alikuwa ameketi kando ya kitanda, na Abdi hasemi tena.

"Mungu asifiwe!" Katibu alisema. "Nimemwuliza kama anampokea Yesu, akanifinya mkono. Ameokoka huyu."

"Bwana Katibu, nimeshika mikono ya wengi wanaokufa. Karibu wote hufinya. Huyu aliniambia wazi anachotaka."

"Wewe umeajiriwa kuleta watu kwa Bwana ama kuwatoa?"

Akamwita askari, mwenye duka akatolewa nje. Nilimfuata Daktari Mkuu ofisini. Akanijibu kwamba mambo ya dini ni ya Katibu. Niliporudi, mwenye duka alikuwa amesimama nje ya dirisha, anatamka shahada kwa sauti. Katibu akaanzisha wimbo, manesi wakaitikia, wakazidi kupandisha sauti. Nilimsihi anyamaze. Hakunyamaza. Abdi alikata roho katikati ya kelele hiyo, na mpaka leo sijui alisikia nini.

Wakamzika kesho yake kwenye uwanja wa kanisa, kwa nyimbo. Kaka yake alifika mazishi yamekwisha.

"Pasta, niambie kweli. Ndugu yangu aliacha dini?"

Katibu alikuwa amesimama pale pale, ananitazama.

"Hakuacha," nilisema. "Aliomba shahada, wakaizuia."

Aliketi chini kwenye vumbi. "Mama ataniuliza. Nitamwambia nini?"

Akaomba mwili ufukuliwe. Kamati ya kanisa ikakataa, ikisema Mkristo hafukuliwi. Akaondoka. Mimi, kwa kusema vile, nilipelekwa kijiji cha Tulia, kwenye zahanati ndogo, na huko nilikaa mpaka nilipostaafu miaka ya tisini. Katibu aliendelea kuhubiri wokovu wa Abdi kwenye mikutano, na kila alipomtaja watu walilia kwa furaha. Nilipeleka malalamiko kwa wakubwa wa kanisa, mmoja baada ya mwingine. Walinisikiliza kwa heshima, wakaniombea nipate amani.

Siku hizi makasisi vijana hunitembelea. Wamesoma kuliko mimi, na kanuni zao zimeandikwa vizuri. Lakini wananiambia wakubwa wao bado huwauliza kila mwezi ni wagonjwa wangapi wameokoka. Wananiuliza kama kusema kweli siku ile kulisaidia. Ningependa kuwapa jibu la kuwatia moyo. Kaka mtu alirudi kwao na habari ambayo hangeweza kuifanyia lolote, na mimi ndiye niliyempa. Angeniuliza tena leo, ningemjibu vile vile. Bado nasali asubuhi. Nafumba macho, nakaa, maneno hayaji, nainuka nikalishe mbuzi.