Nyanya, Mimi na Simu za Redio

Juzi nikitoka kazini, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya magari karibu na Brooklyn Park, nilifungua redio nikakuta ile wiki imefika. Kama umeishi huku ughaibuni unaijua. Redio ya umma inakatiza vipindi vyake kila mara, watangazaji wanabembeleza wasikilizaji wapige simu wachangie, na nyuma yao unasikia kelele za watu wanaopokea simu hizo. Wengi hubadilisha stesheni. Mimi niliongeza sauti nikacheka peke yangu mpaka mwenye gari la pembeni akanitazama. Nilipokuwa msichana wa darasa la sita nilikaa kwenye chumba kama hicho nikapokea simu, na nilizipokea vizuri, nakwambia bila haya.

Wakati huo tuliishi ghorofa ya tatu, mama, nyanya na mimi. Mama alifanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na nyanya aliletwa kutoka Kenya ili nisilale peke yangu. Hakuna aliyemwambia ukweli kuhusu baridi. Hakujua kuendesha gari, na pale kwetu asiye na gari ni mfungwa mwenye friji iliyojaa. Asubuhi mimi nilikwenda shule, mama alikuwa amelala na sare yake ya kazi bado mwilini, na nyanya alibaki dirishani akitazama theluji ikikwanguliwa kwenye maegesho. Nikirudi nilimkuta anagombana na televisheni asiyoielewa. Hata mimi sikumfaa sana kwa mazungumzo. Kiswahili changu kilikuwa cha kuagizwa: lete, osha, funga mlango, kuja hapa. Nilikielewa chote na kukijibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu.

Jumamosi ilikuwa siku nyingine kabisa. Kulikuwa na kituo kidogo cha redio upande wa Saint Paul kilichotenga saa nzima ya Kiswahili asubuhi. Mtangazaji wake alikuwa Mkenya aliyeendesha basi la shule siku za kazi. Nyanya aliamka mapema, akainjika maharagwe, akakaanga mandazi, nyumba ikanuka iliki, kisha akanikalisha sakafuni kati ya magoti yake anisuke. Redio ilikaa juu ya friji, antena yake imeviringishwa karatasi ya foili ya jikoni ili ishike vizuri. Tulisikia habari za nyumbani, nyimbo za injili, nani amefiwa, nani ana chumba cha kupangisha kule New Hope. Muda wote wa kipindi vidole vya nyanya vilikuwa laini. Kikiisha tu, alianza kunivuta nywele kama anang'oa magugu, na mimi nikajua wiki yake imeanza tena.

Basi Jumamosi moja mtangazaji akasema jambo lililomfanya nyanya aache kusuka. Wiki ya kuchangisha imekaribia, alisema, na mara hii kituo kitatazama kila kipindi kinaungwa mkono kiasi gani. Kipindi kitakachopita bila wachangiaji kitatoa nafasi yake kwa kingine. Akaomba watu wanaojua Kiswahili wajitolee kupokea simu katika saa yetu.

Jioni mama alipoamka, nyanya akamwambia, "Wakikifunga hicho kipindi, unikatie tiketi nirudi kwangu."

"Mama, ni redio tu," mama akasema.

"Ni redio tu kwako wewe unayetoka nje."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Nyanya akiwa na hasira alikuwa anatania. Nilimpenda yule mama mzee kuliko mtu yeyote, na nilijua akiondoka nitalala kwa jirani mwenye paka watatu na sheria nyingi. Jioni ile ile nikamwambia mama kwamba tutakwenda sisi kupokea simu. Mama akapiga kuuliza. Wakamjibu kwamba mtoto anaweza kuja akiwa na mtu mzima. Ikawa imepangwa: nyanya atakuwa mtu mzima na mimi nitakuwa Kiingereza.

Siku yenyewe mama alitupeleka moja kwa moja akitoka kazini, macho mekundu, hita ya gari ikipiga kelele. Nyanya alivaa koti la mama juu ya kitenge chake cha kanisani. Mapajani alibeba ndoo ya plastiki ya aiskrimu, na ndani yake mandazi, na miguuni chupa ya chai ya tangawizi. Kituo kilikuwa ghorofa ya pili ya jengo la matofali. Chumba cha simu kilinuka kahawa iliyoungua, kulikuwa na meza ndefu yenye simu za mezani, na mbele ukuta wa kioo ambao nyuma yake alikaa mtangazaji. Nilishangaa kuona ni mtu mdogo wa kimo, maana kwa sauti yake nilikuwa nimemjenga mkubwa kama mlango.

Meneja wa kituo, mama mmoja Mzungu mwenye sweta ya sufu, alitufundisha kazi. Unashukuru, unauliza mtu anaahidi nini, unaandika jina, mji na namba yake kwenye karatasi, unashukuru tena, unakata. Nilimtafsiria nyanya. Akauliza, "Na kumjulia hali je?" Meneja akasema hakuna haja. Nyanya akaniangalia kana kwamba tafsiri yangu ina kasoro.

Kipindi kilipoanza mtangazaji akataja namba, na kabla hajamaliza wimbo wa kwanza simu zote zikawaka taa. Zote, na nyingine zikisubiri. Meneja alichungulia mlangoni akainua kidole gumba. Nikaona tumeshinda kabla hatujatoa jasho.

Nikainua yangu nikasema maneno niliyofundishwa, kwa Kiingereza safi. Mtu wa upande wa pili akakata. Wa pili akakata pia. Wa tatu akasema haraka, "Sina deni na mtu," naye akakata. Nyanya, aliyekuwa anaongea na simu yake kwa raha zote, akaziba kipaza sauti kwa kiganja. "Ongea kama mtu wa nyumbani. Wanadhani ni wale wa kudai."

Mwingine alipopiga nikasema, "Habari yako?" na mlango ukafunguka. "Wewe ni mtoto wa nani?" akauliza. Nikamwambia wa mama fulani wa kanisa la Brooklyn Park, anayefanya usiku. "Aa, wewe ni wa kwetu. Sasa andika. Mimi niko Savage, niko kwa warehouse hapa karibu na mto, nime-take break kidogo. Wa kwanza nasalimia vijana wote wa shifti ya pili. Wa pili shemeji yangu hapo Burnsville, mwambie sijakasirika. Wa tatu mama mchungaji. Ujumbe ni, baridi haiui, upweke ndio unaua. Umeandika?"

Nilikuwa nimeandika. Niliandika na salamu za aliyefuata, na aliyemfuata huyo. Mwanafunzi mmoja alisalimia wenzake wa bwenini na msichana ambaye hakutaka nimtaje jina ila herufi. Nyanya naye alijaza karatasi zake kwa mwandiko wake wa shule ya misheni, huku akijulia hali familia nzima, ng'ombe wakiwemo. Taa hazikuzimika hata kidogo.

Nusu saa ikapita, meneja akaja kuchukua karatasi. Alizipitia moja moja, na nikamwona akipoteza rangi usoni. "Haya ni majina na namba za simu tu," akaniambia. "Ahadi ziko wapi?"

Wewe uliyekulia kwetu umeshaelewa. Watu wetu walisikia redio inasema pigeni simu, na kwa mtu aliyelelewa na redio ya nyumbani, kupiga simu redioni ni kutuma salamu. Kwa nini kingine umpigie mtangazaji? Hakuna aliyekataa kuchangia. Hakuna aliyejua kwamba mchango ndio ulioombwa. Nikamweleza meneja kadiri nilivyoweza, kwamba hawa ni watu wanaosalimia watu, na wanataka majina yao yasomwe ili wengine wote wasikie. Alinisikiliza vizuri, lakini alikuwa anatazama saa ya ukutani.

Nikamgeukia nyanya. "Huko nyumbani," nikamuuliza kwa Kiswahili, bila kufikiri, "walikuwa wanasoma salamu bure?"

"Bure?" Nyanya alicheka mpaka chai ikamwagika. "Tulinunua kadi za salamu dukani, mama. Usipoandika kwenye kadi yao hakuna wa kukusoma."

Sikuhitaji zaidi. Nikamwambia meneja kwamba salamu kwetu zina kadi, na kadi inalipiwa, na kwamba mtu akichangia asomewe salamu zake badala ya kushukuriwa tu jina na mji. Akasema kanuni ni kumshukuru mchangiaji hewani. Nikamuuliza kama kanuni inasema shukrani ziwe fupi kiasi gani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, na mpaka leo sijawahi kuuliza swali bora kazini. Akafikiri, akafungua mlango wa kioo, akamnong'oneza mtangazaji.

Yule bwana akajipiga paji la uso. Kisha akasema hewani, "Wapenzi wasikilizaji, salamu za leo ni za kadi, na kadi ni mchango wako. Mliopiga mtapigiwa sasa hivi. Na mtoto atakayewapigia mumtii."

Tukaanza kupiga, karatasi moja baada ya nyingine. Sikuwa na Kiswahili cha kubembeleza. Nilichokuwa nacho ni kile cha kuagizwa, nikakitumia kama nilivyokipokea. Yule wa Savage nilimwambia, "Leta kadi ya benki. Sema namba. Ngoja, usikate." Akacheka, akasema hajaamrishwa hivyo tangu atoke kwao, akatoa ahadi yake na kuongeza shangazi kwenye orodha. Watu wazima, wauguzi, wahasibu, madereva wa trela, wote walinitii. Nyanya kwa upande wake hakumwachia mtu mpaka amwambie ni nani mwingine kanisani hajapiga. Nyuma ya kioo mtangazaji alisoma bila kupumua, na kila alipomsoma mtu, wale waliosalimiwa walipiga kujibu. Na wao pia walihitaji kadi.

Saa yetu ilipokwisha simu zilikuwa bado zinalia, na wa kipindi kilichofuata wakalazimika kutupokelea. Meneja alirudi, mkononi ana andazi, akasema kipindi kinabaki. Nilimkumbatia pamoja na sweta yake. Nyanya aliuliza tu kama kwenye ndoo yake kumebaki kitu.

Kwenye gari mama akamuuliza, kwa kumchokoza, "Kwa hiyo ile tiketi?"

"Tiketi gani? Nimeahidi watu wa Burnsville nitawasalimia Jumamosi."

Kile kipindi hakipo tena. Kilidumu miaka kadhaa, mtangazaji akahamia jimbo lingine kutafuta maisha, saa yake ikapewa muziki. Siku hizi nina makundi ya simu yasiyo na idadi, ya kanisa, ya harusi, ya matanga, na salamu zinaingia mfukoni mwangu mchana kutwa. Sizidharau. Lakini hakuna anayekaa na familia yake akisubiri jina lake lisemwe huku Brooklyn Park yote ikisikiliza, na watoto wangu hawajui kwamba jambo kama hilo liliwahi kumtoa mtu machozi.

Nyanya aliondoka hatimaye, lakini si kwa upweke. Alikwenda kwa sababu alitaka kuona mahindi yake, akasindikizwa uwanja wa ndege na msafara wa magari ya watu ambao wengi wao alikutana nao kwanza kwa sauti. Alikuwa amekaa nasi miaka minne zaidi, na kuanzia siku ile ya simu hakukubali nimjibu kwa Kiingereza tena. Haya yote uliyoyasoma nimeyaandika kwa lugha ya miaka hiyo minne.