Siku Maandishi Yalipovuka Ziwa

Masika yale nyumba yetu ya Pasiansi, mjini kando ya ziwa, ilinuka risasi ya kulehemu. Harufu iliingia kwenye mapazia, kwenye sare zangu za shule, hata kwenye wali. Mama alikuwa mwalimu wa fizikia mwenye leseni ya redio ya ridhaa, na majirani walishangaa mwanamke mzima kuongea hewani na watu asiowajua, tena bila kulipwa. Maduka ya mjini yalikuwa yameanza kujaa vitu kutoka nje, naye akanunua kompyuta zilizokwisha tumika na modemu zake, visanduku vya kugeuza maandishi kuwa sauti na sauti kuwa maandishi. Seti moja akampelekea mdogo wake, mama mdogo Nyanzala, muuguzi wa zahanati kisiwani Ukara, ambaye mama alikuwa amemfundisha redio mpaka naye akapata leseni. Alitaka maandishi yavuke ziwa kama sauti ilivyovuka.

Mvua zilipozidi, kuhara kukazuka Ukara. Simu huko hazikuwepo, na radi ziliikata sauti ya mama mdogo vipande vipande. Alasiri moja tulisikia "dripu," kisha "watoto," kisha mkwaruzo mtupu. Hospitali ya mjini ilikuwa na boti tayari, ila haikujua ipakie nini.

"Mama Kabula," baba alisema, "hiyo modemu haiwezi kutusaidia?"

"Haijawahi kufanya kazi hata mara moja," mama akajibu, huku tayari akiivuta meza.

Waya mmoja ulitoa sauti ya redio kuipeleka kwenye modemu, wa pili ulirudisha sauti ya modemu kwenye redio, na wa tatu uliiamuru redio irushe. Mama akamwita mdogo wake hewani, akirudia neno "modemu" mpaka akasikia "tayari." Mimi nilikaa mbele ya kompyuta ili nisome. Redio ikalia kama chenene, na kioo kikajaa herufi zisizo na maana.

"Tunaipigia modemu kelele," mama alisema. "Hata wewe nikikufokea huelewi."

Akapunguza sauti ya redio kidogo kidogo. Herufi za ovyo zikakoma. Kisha nikasoma kwa sauti: "Shikamoo dada."

"Marahaba!" mama akaiitikia kompyuta, akajifuta macho kwa khanga.

Radi ilipokatiza neno, modemu zililirudia mpaka likafika zima. Nilisoma jina la kila dawa, herufi kwa herufi, baba akiandika. Kisha akapanda baiskeli kwenda hospitali mvuani, na asubuhi boti ikang'oa nanga. Watoto wa Ukara walipona, na majirani wakaanza kumwita mama "Fundi Mwalimu," naye akakubali jina hilo bila kujidai.

Leo mimi ni mhandisi wa mitambo ya simu. Minara imesimama Ukara, na ujumbe hufika kabla mtu hajaiweka simu mfukoni. Ni kazi nzuri, naipenda. Lakini wenzangu wanaponiuliza nilisomea chuo gani, hutaja chuo baadaye. Kwanza huwaambia kwamba kabla hata ya mnara mmoja kusimama kule, mama yangu alikwisha fika, kwa nyaya tatu, kutoka kwenye meza yetu ya chakula.