Kona ya Dalethi

Keziah Thackray alikuwa mpapasaji wa vitambaa. Kwa miaka thelathini na moja, katika kiwanda cha sufu hapa Huddersfield, Uingereza, alipitisha vidole upande wa nyuma wa kitambaa, akisaka mafundo na nyuzi zilizokatika, kisha akavitengeneza kwa sindano. Vitambaa vyeusi ndivyo vilivyomla macho.

Kila Jumamosi mchana, kiwanda kikishafungwa, alipanda ngazi hadi chumba kilicho juu ya duka la saa la Bwana Illingworth. Humo sisi watu kumi na wawili, waumini wazuri tu wa kanisani, tulisoma siri za hesabu za Kiebrania. Kila herufi ya Kiebrania ni namba pia. Ukijumlisha herufi za neno unapata hesabu yake, na maneno yenye hesabu moja ni ndugu. Tuliamini hivyo. Mimi bado naamini, na anayetaka kucheka acheke.

Masomo tulinakili kwa mkono, kila mtu kutoka karatasi ya mwenzake. Keziah hakuona maandishi yale ila ukungu, na alikuwa ameshafeli mtihani wa chama chetu mara mbili. Wa tatu ukimshinda, anatoka chamani.

"Ndugu Sugden," aliniambia, "hapa tu ndipo watu huniuliza ninawaza nini. Kwingine huniuliza nimemaliza yadi ngapi."

Siku ya mtihani Illingworth alifunua karatasi yake. "Dada Thackray. Bwana ni Mmoja. Neno hilo 'Mmoja', hesabu yake ngapi?"

Jibu tulilijua sote: mia mbili na tisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimelihubiri kwa miaka sita, chaki mkononi. Nikamnong'oneza.

"Koma, Sugden!" Keziah akanikatiza. "Mimi si mtoto. Nipeni Kitabu."

Tukamletea Biblia ya Kiebrania, ile ya kuapia, nami nikamwonyesha mstari. Akageuza ukurasa, akapapasa nyuma yake, pale mtambo wa chapa ulipoibinya karatasi hadi herufi zikavimba.

"Alefu, moja. Hethi, nane. Na hii..." Kidole kikasimama. "Hii kubwa kuliko wenzake. Ina kona."

"Haina kona, Dada," Illingworth akasema. "Hiyo ni reshi, mia mbili. Reshi ina bega la mviringo."

"Bwana Illingworth, nimewahi kukufundisha saa? Kona naijua. Hii dalethi. Nne. Jumla kumi na tatu."

Illingworth akabandika jichoni lenzi yake ya kutengenezea saa, akainama. Alipoinuka alikuwa mwekundu hadi masikioni: kweli ilikuwa dalethi. Kwa reshi tuliyoinakili, neno lile si "Mmoja" tena, ni "Mwingine". Miaka sita tulikuwa tukimtangaza Mungu mwingine! Mtu mmoja akaanza kucheka, akaacha.

"Na upendo?" Keziah akauliza taratibu. "Upendo ni ngapi?"

Nikaandika ubaoni: moja, tano, mbili, tano. Kumi na tatu. Mmoja na Upendo, kumi na tatu mara mbili: ishirini na sita. Hiyo ndiyo hesabu ya Jina lenyewe la Mungu, lile lisilotamkwa. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza aliijua. Nywele zilinisimama.

"Umefaulu, Dada," Illingworth akasema. "Lakini karatasi hii, ya kwanza tuliyoinakili sote, nani aliiandika?"

Mwandiko niliujua tangu alipoifunua.

"Mimi," nikasema.

Nilingoja wanitukane. Keziah akaupapasa mkono wangu mpaka akakipata kidole cha shahada, akakiweka nyuma ya ukurasa.

"Usibonyeze," akasema. "Polepole, ndugu yangu. Umeisikia kona?"

Nikaisikia. Nililia mbele yao wote, na sikuona haya.