Sweta Si Mtu

Harufu ya mapichi yaliyoanguka na kuanza kuchacha kwenye majani mabichi bado hunipandisha hasira. Wengine wakiinusa hukumbuka sikukuu. Mimi nakumbuka dhuluma. Kwa bibi yangu, karibu na Tosamaganga, mipichi ilizunguka uwanja wa nyuma, na mvua za Januari zikishanyesha usiku, asubuhi uwanja wote ulinuka utamu uliooza, udongo mwekundu na moshi wa kuni mbichi. Hapo ndipo ukoo wetu ulipoanzia mwaka. Tukishatoka kanisani na kula wali kwa kuku, wakubwa kwa wadogo tulivua viatu tukacheza rede. Kwa asiyeijua, wawili husimama huku na huku wakirushiana mpira wa matambara, na aliye katikati hujaza mchanga kwenye chupa huku akikwepa. Mpira ukimgusa, amekufa. Chupa ikijaa, akaimwaga na kupaza sauti “Rede!”, ameshinda.

Bibi alikuwa na sheria moja ya mwaka mpya: ufanyalo siku ya kwanza ndilo utakalofanya mwaka mzima. Kwa hiyo siku hiyo hakuna kulia, hakuna kugombana, na zaidi ya yote hakuna kulalamika. Shangazi Anitha alifagia hata palipokwisha kufagiliwa, asije akaitwa mvivu. Mjomba Ezekia alipanda kwenye lori lake lililoegeshwa, akashika usukani kidogo, akashuka. Ilikuwa sheria nzuri kwa kila mtu, isipokuwa kwa aliyeonewa.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la tano, na mshindi wa rede alikuwa ameahidiwa kiti cha mbele kwenye lori la Mjomba, ambalo kesho yake lingepeleka vitunguu Mbalizi. Mimi nilikuwa sijavuka Mafinga. Kila dereva niliyemsumbua kwa maswali aliniambia kuwa ukikaribia Igawa, njiani kwenda huko, baridi inakwisha, na nilitaka kupaona kwa macho yangu mahali hapo. Inakwishia wapi hasa? Kuna mstari? Wenzangu waliitaka safari kwa sababu ya soda na ndizi. Mimi niliitaka kwa sababu ya mstari.

Mwishowe wa kuwania safari tukabaki wawili: mimi katikati na chupa, na Sekela, binti wa jirani na rafiki yangu wa kufa na kuzikana, akiwa na mpira. Nikijaza, safari ni yangu. Akinipata, ni yake. Asubuhi ile Bibi alikuwa amenilazimisha kuvaa sweta la marehemu babu, lililonifika magotini. Chupa ilikuwa imejaa mpaka shingoni. Sekela akarusha, nikajipinda, mpira ukapita ukagusa pindo la sweta lililokuwa linapepea nyuma yangu. Haukugusa ngozi wala mfupa.

“Umekufa!” akapiga kelele.

“Umegusa sweta! Sweta si mtu!”

Shangazi Anitha, mwanamke mwenye akili timamu, mzee wa kanisa, akatoa hukumu. “Sweta ni mtu. Lingekuwa si mtu, si lingebaki ndani?”

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikamgeukia Bibi, ambaye ndiye aliyenivika balaa lile. Akainua kidole. “Mjukuu wangu, leo ni mwaka mpya. Ukilalamika leo, utalalamika mpaka Desemba.” Nikanyamaza.

Nikangoja kesho yake, siku halali ya malalamiko. Lori lilikwishaondoka alfajiri, na Bibi akanijibu kuwa yaliyopita si ndwele. Nimezunguka sana tangu hapo, na sijawahi kuisikia methali hiyo ikitoka kinywani mwa aliyedhulumiwa. Huisema waliokwisha kushiba. Vivyo hivyo na subira huvuta heri. Yangu haikuvuta hata toroli. Lakini kilichonichoma zaidi kilikuwa bado njiani. Sekela aliporudi, nilimkimbilia kabla hajakanyaga chini.

“Igawa kukoje?”

“Sijui. Nililala.”

“Na baridi? Inakwishia wapi?”

“We naye! Nimekwambia nililala. Nimeamka Mbalizi.”

Alilala! Kiti cha mbele, kioo kikubwa kuliko dirisha letu, na mtu akalala! Nadhani shule ilinishinda kuanzia hapo, kwa sababu hakuna mwalimu aliyeweza kunijibu swali hilo la baridi. Niliiacha mapema nikawa utingo wa malori, na hadi leo sijakaa mji mmoja nikazeeka nao. Igawa nimepita mara nyingi. Hakuna mstari. Baridi inakuacha kidogo kidogo, kwanza shingoni, kisha vidoleni, mpaka unakuta sweta liko mapajani na hukumbuki ulilivua wapi.

Sekela sasa ana duka la mitumba huko huko Mbalizi. Kila mwaka mpya alikuwa akinitumia kwenye simu picha ya maua yanayometa, ile ile aliyowatumia watu wote, ikinitakia heri mimi na familia yangu, mimi ambaye sina hata paka. Mwaka huu sikukuu ilinikuta Mbalizi, nikaenda kwake. Watoto wake walikuwa wameinamia simu kama kuku wanaodonoa. Nikaomba soksi kuukuu, nikafunga mpira, nikawatoa wote nje. Sekela akaingia katikati, mnene, anahema, chupa mkononi. Nikarusha. Mpira ukagusa ncha ya kitenge chake.

“Umekufa!”

“Kitenge si mtu!” akasema bila aibu, na wanawe wakamuunga mkono. Nilipofungua mdomo, akainua kidole. “Kaka, leo mwaka mpya.”

Kile kidole kilikuwa cha Bibi kabisa. Bibi amekwishazikwa, mipichi imekatwa, na Shangazi Anitha siku hizi hamtambui mtu. Zamani tulikuwa uwanja mzima wa kucheka chini ya sheria moja. Leo waliobaki kulikumbuka lile sweta ni sisi wawili, na mmoja wetu ni mwizi wa safari.

Basi safari hii sikunyamaza. Nililalamikia kitenge, nikalalamikia sweta, kiti cha mbele na usingizi wake, mpaka watoto wakaweka simu chini wakanisikiliza. Sekela alicheka hadi akakaa mchangani. “Haya,” akasema akifuta machozi, “umeshajiharibia. Tutakusikia mpaka Desemba.”

Mtanisikia. Sheria ni ya Bibi, si yangu, na mwaka ndio kwanza umeanza.