Pedi ya Deo

Kama kisa hiki ningekitunga mwenyewe, ningejiweka mahali pazuri zaidi ndani yake. Ningekuwa mtu aliyepiga kelele akakimbia, au aliyezimia akaamkia hospitali. Sikufanya hata kimoja. Nilikaa na marehemu chumbani kwake mchana kweupe, nikimdanganya usoni, naye akiniangalia. Kwa hiyo mtu akiniambia nimebuni, huwa namuuliza: nani anabuni jambo la kujivua nguo mwenyewe mbele za watu?

Mimi ni fundi. Nina kibanda pale Mirongo, natengeneza simu, redio, na zamani nilikuwa natengeneza mashine za gemu. Rafiki yangu Deo alikuwa seremala wa vitanda, amepanga Igogo, juu kabisa kwenye mawe. Tulijuana tangu ujana wetu, tulipokuwa tunalala chumba kimoja na kupikia sufuria moja. Kila Jumapili akitoka kanisani nilikuwa napanda kwake, tunacheza mpira kwenye mashine yake ya gemu mpaka shemeji Suzana, mke wake, aje azime televisheni kwa mkono wake. Watu wazima wenye ndevu, tunagombania penalti.

Mwaka jana Deo akaanza kuumwa figo. Nilikwenda kumwona mara moja. Narudia, mara moja. Nilipompa mkono, vidole vyangu viliacha vishimo kwenye mkono wake, na vile vishimo vikabaki pale pale, kama umebonyeza unga wa chapati uliokandwa. Yeye alicheka. Mimi nikageuka nikatazama kalenda ukutani. Chumba kilinuka dawa na jasho la mtu asiyetoka nje. Nilipofika nyumbani nilinawa mikono mara tatu kwa sabuni ya kufulia. Figo haziambukizi, hilo nalijua vizuri. Nakwambia yote kama yalivyokuwa.

Siku hiyo, wakati naaga, Deo alinipa pedi, kile kidude cha kushika mkononi ukicheza gemu. Alikuwa nazo mbili, zisizo na waya. Akasema moja imegoma kushika mashine, yaani haiungani nayo, taa yake inapepesa tu, na bila pedi ya pili hatuwezi kucheza wawili.

"Itengeneze, fundi wangu," akasema. "Jumapili uje nayo."

Kibandani nilichukua sindano, nikabonyeza kile kitufe kidogo kilichojificha mgongoni mwa pedi, nikahesabu mpaka tano, nikaichomeka kwa waya kwenye mashine yangu. Ikashika. Taa ikatulia. Kazi yote haikufika dakika tano.

Jumapili ilipofika nikampigia Deo kumwambia bado imegoma.

Kwa nini? Kwa sababu ya vile vishimo. Sikutaka kuviona tena. Ningemwambia imepona, ningelazimika kukaa kwenye lile kochi jioni nzima, bega kwa bega naye. Wiki iliyofuata nikasema tatizo ni betri. Iliyofuata, nikasema kuna kipuri nimeagiza Dar. Niamini, uongo wa kwanza ulinitoka kwa shida, lakini wa nne ulitoka kama salamu. Na Deo kila mara ananipa pole. Yeye, aliyelala kitandani miguu imevimba, ananipa pole mimi kwa kuhangaika. Wakati huo pedi yake nilikuwa naitumia kila siku kupimia mashine za wateja.

Basi, Jumatano moja shemeji Suzana akapiga simu. Nikaigeuza kifudifudi mezani. Akapiga tena. Alhamisi akapiga tangu asubuhi, akatuma na ujumbe mara tatu mpaka usiku, sikuufungua hata mmoja. Nilidhani ananiuliza habari za pedi, na mimi kisingizio cha kipuri cha Dar nilikuwa nimeshakitumia, sina kingine cha kusema. Ijumaa simu haikuita kabisa. Ukimya ule ndio ulionichoma. Jumamosi mchana nikafunga kibanda, nikatia pedi kwenye mfuko wa koti, nikaanza kupanda Igogo.

Ilikuwa saa nane. Jua kali, ziwa chini linameremeta mpaka macho yanauma. Njia ya kwenda kwa Deo ni ngazi zilizochongwa kwenye jiwe, ukifika juu unahema. Mlango wake ulikuwa wazi nusu. Nikapiga hodi.

"Pita, fundi."

Alikuwa amekaa mwisho wa kochi, mahali pake pa siku zote. Amevaa shati jeupe la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka shingoni. Na uvimbe ulikuwa umeisha wote. Unajua nilifikiri nini kwanza? Kwamba amepona. Na la pili, nalisema kwa aibu, nilifikiri: sasa nitasema nini.

Televisheni ilikuwa inawaka, uwanja wa mpira umeshafunguliwa, timu zimeshapangwa. Nikamuuliza shemeji yuko wapi. Akasema ametangulia Sengerema kwa wazee. Sikuuliza zaidi. Nikatoa pedi mfukoni haraka, kama mtu anayetoa kitambulisho, nikabonyeza kuiwasha.

Taa ikapepesa. Ikapepesa, ikazima.

Nikajua ni chaji, nikaichomeka waya. Ikapepesa, ikazima. Nikatoa sindano, nikabonyeza kile kitufe cha nyuma. Hakuna kitu. Nikazima mashine, nikaichomoa kwenye umeme, nikasubiri, nikairudisha. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa vilivyosajiliwa, nikaifuta pedi ile, nikaanza kuisajili upya. Mashine ikatafuta weee, ikasema haioni kitu. Pedi hiyo hiyo jana yake tu ilishika mashine za wateja watatu.

Nilikuwa natoka jasho. Na hapa ndipo naona aibu kuliko mahali pengine pote: moyoni nilifurahi. Uongo wangu hatimaye ulikuwa umepata shahidi. Nikamgeukia Deo nikamwambia, "Umeona mwenyewe? Hivi ndivyo inavyonitesa wiki zote hizi."

Hakuwa anaitazama pedi. Alikuwa ananitazama mimi.

Ndipo nikaona pedi yake, ile nzima. Ilikuwa mapajani mwake, viganja vimelala juu yake bila kubonyeza chochote, na haikuwa na taa. Lakini kwenye televisheni mchezaji wake alikuwa anakwenda na mpira. Anakimbia peke yake mpaka mbele ya goli, anasimama, hapigi. Anageuka, anarudi katikati ya uwanja, anasimama tena. Kama mtu anayesubiri mwenzake aingie.

Nikamuuliza hiyo yake inachezaje bila taa. Nywele za mkononi zikanisimama, lakini bado akili yangu ilikuwa inatafuta kasoro kwenye mashine. Ufundi nao ni ugonjwa.

Deo akasema taratibu, "Acha kuitengeneza. Kaa tu."

Nikakaa. Ndugu yangu, sijui ni muda gani. Tulikaa kama zamani, bega kwa bega, ila bega lake halikuwa na joto. Ningeweza kumwomba msamaha pale pale, nafasi niliipata, mlango wenyewe ulikuwa wazi. Badala yake nikachukua tena sindano. Nikamwambia ngoja nijaribu mara moja ya mwisho, nikainama.

Nilipoinua kichwa, kochi lilikuwa tupu na televisheni nyeusi tii.

Mlangoni alikuwa amesimama Mama Zuhura, mwenye nyumba. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Aliuliza nani amenifungulia, akanionyesha ufunguo uliofungwa kwenye pindo la kanga yake. Akasema kufuli alilifunga yeye mwenyewe jana. Nikamwambia nilikuwa na Deo, tunajaribu pedi kwenye televisheni. Mama yule akashika mwimo wa mlango.

"Humu umeme wa luku uliisha tangu Jumatano," akasema. "Na Deo amefariki Alhamisi jioni, mwanangu. Jana wamemsafirisha Sengerema. Anazikwa leo saa nane. Wewe hukupigiwa simu?"

Nikateremka zile ngazi mbio.

Nilikodi pikipiki. Ujumbe wa shemeji niliusoma nikiwa nyuma ya dereva, juu ya daraja la Busisi, upepo unayapeperusha machozi pembeni. Wa kwanza ulisema Deo ananiulizia. Wa pili ulisema: njoo hata bila pedi. Wa tatu ulikuwa wa msiba.

Nilifika jioni, kaburi limeshafunikwa, watu wamekaa chini ya turubai kwenye shamba la mihogo wanasubiri chakula. Nilitaka nikae nyuma na vijana wa kubeba maji. Lakini baba yake Deo alipoambiwa mimi ni nani, alisimama, mzee wa watu, akanishika mkono akanileta mbele. Akawaambia waombolezaji kwamba huyu ndiye yule fundi, Deo alikuwa anamtaja kila siku, amehangaika na kitu cha mwanawe mpaka mwisho. Wazee wakasogea wakanipa kiti. Nikaletewa ugali na nyama kabla ya watu waliokuwepo kaburini.

Nikala. Nikamaliza sahani.

Baadaye Suzana akaja akakaa kwenye mkeka karibu yangu, macho mekundu, sauti imekauka. Nikampa pole. Akauliza kwa upole tu, "Shemeji, ile pedi ilipona?"

Nikasema, "Haikupona."

Kabla sijamaliza kulitamka, mfuko wa koti langu ukang'aa. Taa ya pedi iliwaka ndani ya kitambaa, ya buluu, wala haikupepesa. Ilitulia kama inavyotulia ikishashika mashine. Na pale, kwenye shamba la mihogo, mashine ilikuwa wapi? Niliifunika kwa kiganja, mwanga ukapita katikati ya vidole. Suzana aliutazama, akanitazama mimi, akainuka akaenda kwa wanawake wenzake.

Sikulala vizuri tangu siku hiyo mpaka arobaini. Siku ya arobaini nilirudi Sengerema. Nilimkuta Suzana nyuma ya nyumba anamenya mihogo, nikapiga magoti kwenye maganda, nikamweleza yote: kitufe, sindano, kipuri cha Dar, vishimo mkononi mwa mumewe. Nikamweleza na mchana ule wa Igogo. Nilitegemea atanitukana. Ningependa angenitukana.

Aliendelea kumenya kwa muda. Kisha akasema, "Deo alikijua kile kitufe. Mimi mwenyewe alinifundisha, tangu zamani."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama mtoto.

"Aliniambia akikuita uje kumwona tu, hutakuja tena, umeogopa. Ila akikupa kazi, utakuja kuirudisha. Aliivuruga yeye mwenyewe ili akupe."

Nilimkabidhi pedi. Akaifuta vumbi kwa kitenge, akaiweka ndani ya beseni tupu, akanyanyua kisu chake. Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kuuliza. Mpaka leo tunasalimiana kwa simu sikukuu kwa sikukuu, wala hatujaligusa tena jambo hilo.

Na mimi nimebaki hivi. Pedi yoyote isiyo na waya nikiishika haishiki mashine. Mpya, ya zamani, ya mteja, ya dukani ndani ya boksi, zote. Inapepesa mkononi mwangu, inazima. Mwenyewe akiichukua, papo hapo taa inatulia. Mwanzoni wateja walicheka, baadaye wakaacha kuja. Sasa natengeneza pasi, feni na redio, na bango la gemu nimelifuta kwa rangi.

Mtu wa mtaani kwetu akilazwa, huwa nakwenda wodini. Usinisifu kwa hilo. Nikishakaa pembeni ya kitanda, dakika kumi hazipiti kichwa changu kimeshaanza kutunga sababu ya kuondoka. Ninachoweza ni kubaki tu.

Basi nakuonya, wewe unayenisikiliza. Kama kuna mgonjwa umemwambia umebanwa, gari limeharibika, utakuja wiki ijayo, na unajua moyoni si kweli, usidhani amekuamini. Huenda anajua kila kitu na anakutetea kwa ndugu zake. Nenda leo angali ana joto. Usitafute cha kubeba wala cha kusema. Nenda ukakae.