Musiyo Abajour na Sketi ya Mkewe

Fundi cherehani Nasiri wa Nyakabanda alikuwa na ugonjwa mmoja tu: hakujua kusema "sijui". Darasani hakufika mbali, lakini kwa Kifaransa cha kuokotaokota kutoka kwa wateja, mtaa ulimbandika jina la Profesa, naye akavimba kichwa.

Basi siku moja Vestine, binti aliyemsaidia kazi kwa kukunja waya za kofia za taa ambazo Nasiri alizivika kitambaa, akamuuliza kwa nini Wafaransa huziita abat-jour.

"Kulikuwa na Mbelgiji hapa," Nasiri akajibu, pini mdomoni. "Musiyo Abajour. Mke wake aliumwa macho, akafunika taa na sketi yake. Jina likabaki."

Uongo mtupu, ameutunga palepale! Vestine akacheka, akaamini.

Wakaja kupata meza kwenye maonyesho ya mafundi, Remera. Mama Cécile, Mkongomani aliyetafuta mapambo ya hoteli yake mpya, akashika kofia ya buluu, akaisifu. Nasiri hakuvumilia. Akamgusa Vestine kiwiko: "Mwambie ile ya jina!"

Vestine akamtazama, akasita. Nasiri akamkonyeza. Binti akasimulia, sketi na yote.

Mama Cécile akaangua kicheko, watu wakageuka. "Abattre ni kuangusha, jour ni mwangaza wa mchana. Zamani ilikuwa dirisha la mteremko, linashusha mwangaza ndani. Taa ilikuja nyuma. Nani alikudanganya?"

Nasiri alitamani ardhi ipasuke immeze. Neno moja tu lingetosha: mimi. Akajishughulisha kupanga kofia mezani.

"Nilitunga mwenyewe, mama," Vestine akasema. "Samahani."

"Mwongo wa maneno, nitamwamini kwa kazi?" Mama Cécile akairudisha kofia mezani, akaenda zake.

Walifunga mizigo. Aibu ilimchoma Nasiri mpaka masikioni. Mtu mzima, mwenye ndevu nyeupe, kajificha nyuma ya binti. Kwenye kituo cha basi akajikaza.

"Vestine, ile hadithi..."

"Najua ni ya kutunga, mzee. Jana niliitafuta kwenye simu."

"Sasa kwa nini uliisimulia?"

Vestine akahamisha mzigo bega la pili.

"Wewe ndiyo uliniambia niseme, mbele ya watu. Ningekusahihisha namna gani na wewe iko pale, umefurahi vile?"