Mafuta ya Kupikia Kwenye Viti vya Gari la Baba

Chwaaap. Mpaka leo nikiikumbuka hiyo sauti nafunika uso na kitambaa, hata nikiwa peke yangu jikoni: sauti ya rinda la krimu la shangazi wa Kibet, mchumba wangu, likibanduka kutoka kwenye kiti cha gari letu. Na kiti hicho nilikisafisha mimi. Kwa bidii.

Wacha niwaambie ilivyoanza, ndiyo mcheke vizuri. Mvua ndefu zilikuwa zimeisha, na gari la baba lilikuwa limebeba mitungi ya maziwa na magunia ya majani chai msimu mzima, kwa hivyo ndani lilinuka kama mtungi uliosahaulika juani (ingawa jua lenyewe, hapa kwetu karibu na Merigi, tunalisikia tu kwa redio). Jumamosi hiyo watu wa Kibet walikuwa wanakuja kwa koito, siku ambayo wazee wa pande mbili hukaa wakapatana juu ya mahari, na wakishapatana tu ndipo watu hupakwa siagi kichwani kuonyesha maneno yameisha. Barabara yetu ilikuwa bado matope, baba akasema atawachukua wageni kwenye lami. Kibet naye akanionya: "Shangazi ndiye huamua kwetu. Na amesikia wewe ni msichana wa ndoto nyingi na kazi kidogo."

Kazi kidogo? Mimi? Ijumaa nililiosha hilo gari kama ndilo linaolewa. Nikasugua mazulia na brashi ya viatu, nikachokoa majani chai kwenye mikunjo ya viti na kijiti, nikafua mpaka mikanda ya usalama ambayo hakuna mtu amewahi kuifunga. Ningeachia hapo ningekuwa na heshima zangu leo. Lakini nilikuwa nimewaona vijana wa kuosha magari kule Sotik wakipaka dashibodi dawa fulani ikang'aa kama kioo, na dawa hiyo sikuwa nayo, ila jikoni kulikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia, yale ya kuganda. Nikapaka kidogo tu. Dashibodi ikawaka! Sasa viti (vya ile plastiki inayojifanya ngozi) vikaonekana kama vinaona wivu, na mimi nina roho ya huruma, siwezi kuona kitu kikibaguliwa, nikavipaka pia, vyote isipokuwa cha dereva, kwa sababu baba amekitandika blanketi lake na hilo haliguswi. Asubuhi nikagusa kwa kidole, kukavu kabisa. Baridi ya kwetu ilikuwa imeyagandisha, lakini mimi, mtaalamu, nikasema yameingia ndani.

Wageni wakapanda, Shangazi na Kibet nyuma, mzee wao mbele, na baba kwa ukarimu wake akawawashia hita. Mafuta yakipata joto mnajua hufanya nini.

Walipofika nyumbani ndipo nikasikia chwaaap. Shangazi akashuka, akajipapasa nyuma, halafu akaingia sebuleni kinyumenyume. Nikafikiri ni adabu ya kwao, nikainamisha kichwa kwa heshima.

Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema tusimame tuombe. Tukasimama. Shangazi akabaki ameketi.

"Mama, tunaomba," baba akamwambia.

"Ombeni tu. Mungu ananiona hata nikiwa hapa chini."

"Kwetu hatuongei mambo ya watoto bila maombi. Na hatuombi tukiwa tumekaa."

"Basi labda hatutaongea."

Baba akachukua kofia yake mezani, na akichukua kofia hiyo huwa mkutano umeisha. Nikaona ndoa yangu ikitoka mlangoni, mimi ambaye nilikuwa nimeshawapa watoto majina mpaka wa mwisho. Nikainamisha macho nisilie, na hapo nikaona kile kitambaa cheupe cha kochi mama alichofuma, chini ya Shangazi, kina duara kubwa la rangi ya chapati.

"Baba, si dharau!" nikapiga kelele. "Ni mafuta! Nilipaka viti mafuta ya kupikia!"

Mzee wao, ambaye muda huo wote alikuwa ameegemea ukuta, akageuka polepole. Suruali ilikuwa inang'aa kushinda dashibodi.

"Nilidhani ni uzee," akasema. "Kwani kwenu watu hupakwa kwanza, ndiyo waongee? Na hupakwa huku nyuma?"

Kibet ndiye alicheka wa kwanza, msaliti, na suruali yake mwenyewe inang'aa vilevile. Baba akarudisha kofia mezani. Shangazi alicheka wa mwisho, na baada ya mama kumfunga leso akasimama, akaomba yeye mwenyewe, maombi marefu. Maneno yakapatana.

Wakati wa kuondoka akanishika mkono. "Msichana wangu, kazi unaweza, nimeona. Shida yako hujui kuacha." Kisha akakataa gari. Wote wakashuka mpaka lami kwa miguu, kwenye matope, na viatu vyao vya sherehe.

Tangu siku hiyo gari likiwa safi ninaondoka mbio, nisije nikapata wazo lingine. Lakini jioni ile, watu wakiwa bado wanacheka jikoni, nilienda nyuma ya nyumba peke yangu, nikafungua mlango wa gari, nikakaa pale Shangazi alikuwa amekaa, na rinda langu jipya, ili aibu ile tuigawane, nikaegemea mpaka joto langu likayayeyusha mafuta nikahisi mgongo unalowa.